Nyumba Yangu Si ya Zamani Hata Kidogo

Jumatatu, 13 Mei 1985

Balaa! Mkaguzi wa serikali yuko Upper Combley, maili mbili tu kutoka hapa. Nimeambiwa na mama wa posta, ambaye habari mbaya hajawahi kuzikosea. Mwanamke, jina lake Bi Quayle, anatembea kwa miguu na daftari lake, anaandika nyumba za kale ziingizwe kwenye orodha ya kulindwa. Kwa siku mbili ameandika kumi na moja. Ya kumi na moja ni zizi la nguruwe!

Nyumba ikishaingia orodhani, imekwisha. Hubomoi, hutoboi, hung'oi jiwe bila kuomba ruhusa. Na hii yetu ni ya mawe kuanzia sakafu hadi vigae, kuta zake nene kama mtu alikuwa anasubiri mizinga, na juu ya mlango wa mbele mtu asiye na huruma alichonga 1641.

Wengine watasema kuna ubaya gani. Ubaya ni kwamba hii ni ndoa yangu. Muriel amepika miaka ishirini na tisa katika jiko lenye kidirisha kimoja cha ukubwa wa sinia, tena kinatazama kaskazini. Anawasha taa saa sita mchana mwezi Juni. Wiki tuliyohamia nilimwahidi dirisha. Mwaka uliofuata nikamwahidi tena, na uliofuata, hadi ahadi ikawa kama salamu za Krismasi. Februari hii nimelinunua hatimaye, la alumini, kubwa, zuri ajabu. Limelala ghalani. Fundi Cyril, mwashi pekee wa kijiji hiki, hana nafasi ya kubomoa ukuta mpaka Juni.

Jana Muriel alisema kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, kwamba kufika Septemba ama kuna dirisha jikoni ama yeye yuko Weston kwa dada yake Beryl, mwenye nyumba mpya yenye kioo ukuta mzima. Nikamwambia asijali, nina mpango. Akasema hapo ndipo anapoanza kujali.

Lakini ni mpango mzuri! Bi Quayle ana vijiji arobaini vya kumaliza. Hana muda wa kuingia kila nyumba, anatazama kutoka barabarani. Basi nyumba ionekane ya juzi mpaka apite. Siku chache tu. Akishapita, Juni inafika, Cyril anabomoa, dirisha linaingia.

Ng'ambo ya njia, Brigedia Tancock anaosha kuta zake kwa brashi ya kucha. Yeye anataka kuorodheshwa kwa nguvu zote. Nyumba yake ilijengwa na tajiri wa achari mwaka 1889, na minara midogo minne juu, lakini yeye humwambia kila mgeni kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alilala chumba cha mbele. Mwanamke yule angelala kote anakosemwa alilala, asingepata muda wa kutawala.

Nimezunguka bustani mara sita. Siwezi kukaa kitako.

Jumanne, 14 Mei

Kazi imeanza saa kumi na mbili asubuhi. Kwanza, 1641. Nimepigilia ubao juu yake: MANDHARI YA JUA, herufi za bluu. Hakuna mtu wa karne ya kumi na saba aliyeita nyumba yake Mandhari ya Jua. Muriel alitoka na kikombe cha chai, akasoma, akasema kwamba jua lenyewe likisoma ule ubao litadhani limekosea njia.

Halafu ile mimea ya kutambaa ukutani. Kitu gani huifanya nyumba ionekane kongwe kuliko mimea ya kutambaa? Nikaivuta. Ilishuka yote kwa pamoja, kama zulia, na mimi chini yake. Nilipojitoa nikatazama juu. Mungu wangu! Ukutani kuna mlango wa tao lililochongoka, umezibwa, na pembeni yake kichwa cha jiwe cha mtu mwenye masikio makubwa kinanicheka. Huo si wa 1641. Huo ni wa mamia ya miaka kabla ya hapo! Miaka yote mimea ilikuwa inanifichia bure, nami nimeivua nguo nyumba kwa mikono yangu.

Nimejaribu kuirudisha kwa kamba na misumari. Brigedia akapita na mbwa wake. Akaniuliza kwa nini nafunga mti kwenye nyumba, au nahofia utatoroka? Nikamjibu kwamba ni mtindo wa kisasa wa bustani. Kufika jioni majani yote yalikuwa yamenyauka. Mtu wa masikio bado anacheka, sasa kupitia majani makavu.

Jumatano, 15 Mei

Nimeazima karavani ya binamu yake Cyril na kuiegesha mbele ya lile tao. Ina picha ya flamingo. Hiyo ni ya kisasa kabisa.

Yakabaki madirisha ya mbele. Tatizo la madirisha yetu ni zile nguzo nyembamba za mawe zinazoyagawa. Kila mwanafunzi anajua kwamba nguzo hizo ni za zamani. Nikazipaka rangi nyeupe, tabaka mbili, ili mtu akiwa barabarani adhani ni plastiki. Kutoka getini nyumba ilionekana kama mzee aliyewekewa meno mapya. Nikafurahi mno.

Saa nane mvua ikanyesha. Jiwe la hapa kwetu lina unyevu siku zote, rangi haikushika. Iliteremka ukutani, ikapita juu ya waridi za Muriel, ikaingia njiani na kuvuka mpaka kwenye geti la Brigedia. Alinijia amevaa suti. Alisema kwa kirefu, kwa sauti ya kijeshi, mambo ambayo hayaandikiki. Nilichoshika ni kwamba yeye anatarajia mgeni muhimu wiki hii, na asingependa mgeni huyo akanyage maziwa.

Niliporudi ndani Muriel alikuwa amejifunga kitambaa kidoleni. Taa ya jikoni iliungua, akawa anamenya viazi kwa kupapasa. Hakulalamika. Aliomba tu nimshikie tochi. Nikamshikia mpaka kiazi cha mwisho, na nilijisikia vibaya kupita ninavyoweza kueleza hapa. Dirisha lazima liingie! Nikitazama lile shimo lake la jiko naona nimemfungia mke wangu pangoni.

Alhamisi, 16 Mei

Wazo! Kama siwezi kungoja Juni, Cyril abomoe leo. Mkaguzi akifika akute dirisha la alumini limekaa, basi hana la kuorodhesha. Nikamkamata Cyril asubuhi akielekea kanisani kwenye kazi yake ya uashi, nikamwingiza jikoni, nikamwekea chai na keki.

Cyril hana haraka na mtu. Alikunywa vikombe vitatu. Aliugonga ukuta juu ya sinki kwa fundo la kidole, akaweka sikio, akagonga tena, akaomba kipande kingine cha keki. Kisha akaniambia kwamba dohani yote imekalia hapo. Niking'oa mawe hayo bila kwanza kutumia wiki nzima kuweka mihimili, nitalala na dohani kitandani, kati yangu na Muriel. Nikamuuliza je, tukitoboa kidogo tu? Akajibu kwamba nyumba hii imesimama muda mrefu bila ushauri wangu. Akafuta makombo mdomoni na kumshukuru Muriel kwa keki. Mimi hakunishukuru.

Mchana nilipanda baiskeli kwenda kupeleleza. Nilimwona! Yuko kijiji cha Combley Cross, amekaa ukuta wa makaburi anakula mkate wa yai. Mfupi, mabuti ya mpira, mwavuli. Alipomaliza alipiga magoti mbele ya kizingiti cha duka la nyama, akakipapasa kama mtu anayempima mtoto homa. Mwanamke wa namna hiyo hatapita Mandhari ya Jua bila kunusa.

Hapo ndipo nikakumbuka mwaka 1940. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Tuliondoa vibao vyote vya njia panda ili Wajerumani wakishuka kwa miavuli wapotee. Wajerumani hawakuja kabisa hapa kijijini kwetu Nether Combley, kwa hiyo mbinu ilifaulu. Nikasimamisha baiskeli penye njia panda, nikakumbatia nguzo, nikauzungusha mkono wa kibao. Sasa Nether Combley iko upande wa bwawa la maji taka.

Nilirudi nikipiga mluzi. Saa kumi na moja matokeo yalikuwa haya: gari la mikate halikuonekana, kasisi alimkosa mgonjwa wake, na mwanamke aliyekuja kupiga piano kwenye mkutano wa akina mama aliipigia mashine ya maji taka hodi nusu saa. Bi Quayle hakupotea. Mama wa posta ananiambia ana ramani, na kwamba amekwisha weka chumba kilabuni kwetu hapa, atalala usiku mmoja.

Maji yamenifika shingoni. Kesho!

Ijumaa, 17 Mei

Niandike yote kama yalivyotokea, nisijitetee.

Saa nne alikuwa getini kwetu. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya karavani kwenye kiti cha kukunja, nimevaa miwani ya jua, nasoma gazeti. Pembeni nimesimamisha dirisha la alumini. Kwenye majani nimechomeka flamingo wa plastiki wawili ili wafanane na yule wa karavani. Akatazama ubao. Akatazama flamingo. Akaniuliza kwa adabu kama nyumba ni ya siku nyingi. Nikamwambia ah, siyo hata kidogo, baba yangu aliijenga baada ya vita, mawe yalikuwa ya kubandika. Akaandika mstari mmoja. Mmoja! Nikahesabu. Akafunga daftari.

Nilikuwa nimeshinda. Hapo mvua ikaanza.

Nani asiyejua yaliyonipata dakika ile? Mama wa watu amesimama kwenye mvua getini kwangu, na mimi sijamkaribisha chai. Nililelewa vizuri. Mama yangu aliwahi kumkaribisha chai mwizi aliyemkuta bandani. Vidole vya miguu vikajikunja ndani ya viatu. Lakini nilinyamaza. Nilinyamaza kwa ajili ya Muriel! Nilimwona kupitia mlango, amesimama na taulo ya vyombo, ananitazama kama hanijui.

Bi Quayle akageuka kuondoka. Na hapo akatokea Brigedia na mwavuli wa ukubwa wa hema. Akamfunika bibi yule, akamwambia asipoteze muda wake mahali hapa. Alisema, na ninanukuu: "Hilo ni banda la ng'ombe lililopata mlango, bibie. Nyumba ya kale ya kijiji hiki ni ya kwangu. Ya huyu Gudgeon ilizaliwa juzi, mwenyewe kakiri."

Akacheka. Bi Quayle akatikisa kichwa kukubali.

Banda la ng'ombe! Damu ilinipanda hadi masikioni. Nilitaka kunyamaza. Naapa nilitaka. Nikasikia sauti inapiga kelele kwamba wakati nyumba yake ilikuwa bado pipa la achari, hii yangu ilikuwa na mvi, na sauti yenyewe ilikuwa yangu. Nikaruka juu ya kiti cha kukunja, nikaung'oa ubao kwa mikono. "Soma!" nikamwambia Brigedia. "Soma hiyo namba, au nikuletee miwani?"

Baada ya hapo sikuweza kusimama. Niliisukuma karavani mwenyewe. Nikamwonyesha tao. Nikamwonyesha mtu wa masikio. Bi Quayle akasema "Oo," akafungua daftari ukurasa mpya. Nikampandisha ngazi ya mawe inayojizungusha ndani ya unene wa ukuta, nikampeleka darini akaone boriti za mwaloni zilizofungwa kwa vigingi bila msumari hata mmoja, nikamwingiza kichwa kwenye tanuri la mikate. Nikamwonyesha alama za mafundi kwenye mawe ya mekoni, kila fundi na alama yake, vitu ambavyo hata Cyril sijamwonyesha. Brigedia alitufuata kote, akisema kwamba na yeye anazo, na yeye anazo. Bi Quayle alimwambia kwa upole kwamba za kwake amekwisha ziona, zilitengenezwa kwa mashine, kazi safi sana kwa mwaka wake. Lo! Uso wake ulivyomshuka! Ilikuwa saa tamu kuliko zote maishani mwangu.

Mwishowe jikoni. Aliomba ruhusa ya Muriel kusogeza kabati la vyombo. Tulisukuma wote wanne. Nyuma yake kulikuwa na plasta iliyopasuka, akaikwangua kwa kijiko, akamulika na tochi. Dirisha. Dirisha zima la nguzo za mawe, vyumba vinne, limezibwa kwa kifusi, limekaa pale miaka yote nyuma ya sahani zetu. Alilala kifudifudi sakafuni kulitazama kwa chini. Akaandika kurasa tatu, akanywa chai, akanishukuru kwa moyo wangu wa ukarimu, akaondoka.

Nikabaki na Muriel. Furaha ilianza kunitoka polepole. Nikaelewa nilichofanya. Sasa kuna madirisha mawili asiyoweza kupata, moja ghalani na moja ukutani, yote mawili yamekatazwa na serikali. Nikamuuliza, lakini aliona jinsi Brigedia alivyonyamazishwa? Akanijibu kwamba aliona. Akaenda juu. Nikamsikia akilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Jumamosi, 18 Mei

Amepanda basi la saa nne. Hakugomba. Aliniambia supu iko kabatini, na kwamba hanikimbii, anakwenda tu mahali anapoweza kuona anachokata.

Nyumba haina sauti. Sijawahi kujua saa ya ukutani inapiga kwa nguvu namna ile. Nilijaribu kupasha supu, nikajikwaa kwenye kabati ambalo hatukulirudisha mahali pake, nikaimwaga. Nilikaa gizani saa sita mchana nikala mkate mkavu. Ndivyo alivyokaa yeye, na mimi nilikuwa nje kwenye jua nikimwahidi mambo.

Nampenda. Nimwandikie hivyo? Hapana. Vitendo!

Nimeandika barua wizarani kupinga. Nyumba ilijengwa 1922, mkaguzi amedanganywa na mwenye nyumba asiye timamu. Barua moja haitoshi, kwa hiyo nimeandika nne, kutoka kwa mashahidi wanne: mjenzi wa zamani, jirani, mwanahistoria, na mjane anayekumbuka akibeba matofali. Kila moja kwa kalamu tofauti. Ya mjane nimeinyunyizia manukato.

Alhamisi, 18 Julai

Barua mbili leo.

Ya kwanza inasema nyumba imeingia orodhani, si daraja la kawaida bali lile la nyota, lililo juu yake. Kijiji kizima hakina nyingine. Chini yake karani ameongeza kwamba wamepokea barua nne za pingamizi, na wanawapa pole mashahidi wote wanne kwa kuugua ugonjwa mmoja wa mwandiko.

Ya pili ilikuja mkononi mwa Muriel, ambaye ndiye aliyeshuka kwenye basi la saa tano na sanduku lake! Nilikimbia na soksi. Alisema nyumba ya Beryl mtu anabanikwa kama kuku kuanzia saa mbili asubuhi, na huko nje hakuna cha kutazama ila Beryl wengine. Akaweka karatasi mezani.

Alikuwa ameiandikia halmashauri. Ukurasa mmoja, kwa jina lake, mwandiko wake wa siku zote. Kwamba jikoni kuna dirisha la kale lililozibwa, na kwamba yeye anaona giza. Je, linaweza kufunguliwa? Na wamejibu. Linaweza, tena watafurahi, mradi kazi ifanywe kwa chokaa na mwashi anayejua mawe. Bi Quayle ameunga mkono.

Majibu yalimfikia baada ya siku tisa.

Nikamuuliza alitumia mbinu gani. Nani anamjua pale ofisini? Akasema hajui mtu. Aliuliza tu. Nikasema lakini vipi hasa, aliwaambia nini, alijifanya nani? Akarudia kwamba aliuliza tu, Ambrose, akaenda kuvua kofia.

Nimelitafakari jambo hili mchana kutwa. Lazima kuna kitu ananificha.

Jumapili, 22 Septemba

Cyril alimaliza jana alasiri. Ilimchukua wiki mbili, jiwe moja moja, na keki isiyohesabika. Alituambia kwamba wazee walikuwa wakiziba madirisha kukwepa kodi, enzi zile serikali ilipohesabu madirisha ya kila nyumba. Jiwe la mwisho alilitoa kwa mikono miwili kama anayempokea mtoto kwa mkunga. Halafu mwanga ukaingia.

Sijui niandikeje. Uliingia jikoni kote, ukafika sakafuni kwenye mawe bapa, ukapanda meza, ukamfika Muriel akiwa na kikombe mkononi. Sikuwa nimemwona jikoni mwetu, si kwa uso wake halisi, tangu tuwe vijana. Ana mvi upande wa kushoto. Ana mstari mdogo karibu na mdomo ambao naamini nimeuchora mimi. Nikamwambia ni mzuri, na machozi yakanitoka mbele ya Cyril. Muriel akaniambia niketi, akanimiminia chai, akaweka mkono wake juu ya wangu. Tulikaa hivyo. Nilikuwa nimetulia. Nakumbuka nilifikiri kwamba sasa sihitaji tena kitu chochote duniani.

Leo baada ya kanisa nimekaa tena pale pale na chai yangu. Nikainua macho.

Dirisha linatazama moja kwa moja ua wa Brigedia! Naona kila kitu. Naona banda lake, kamba yake ya nguo, na mlango wa mbele wote. Na Brigedia mwenyewe juu ya ngazi, na nyundo na patasi, anachonga jiwe juu ya mlango! Nikaleta darubini. Tarakimu ya kwanza moja. Ya pili tano. Ya tatu sikuiona vizuri, nikapanda juu ya meza. Nane! 158 na kitu, kwenye nyumba ya achari! Na huku anageuka kutazama barabara kama mwizi wa kuku.

Nimesimama, nimeketi, nimesimama. Jambo hili halivumiliki. Mtu kuidanganya serikali kuhusu umri wa nyumba yake! Nimechukua karatasi. Bi Quayle ataandikiwa na raia mwema asiyetaka kutajwa, kwa mkono wa kushoto. Tena raia wema watatu. Mmoja awe kasisi. Na kama nikichukua ngazi saa anapokunywa chai, nikalipaka lile jiwe lake kinyesi cha ng'ombe kidogo, litaonekana la banda la ng'ombe...

Muriel amesimama nyuma yangu, anasoma. Hajakasirika. Amelitazama dirisha lake, akamtazama Brigedia juu ya ngazi, akanitazama mimi juu ya meza. Anasema Cyril amekosea kuhusu ile kodi. Aliyeliziba dirisha hili alikuwa mke wa mtu kama mimi.